Dumu la Shomari

Jumanne, 12 Novemba

Leo nimekuta dumu kwenye choo cha mwanamume. La njano, lita ishirini, limetiwa faneli mdomoni na kufunikwa kitambaa cheupe kama mtungi wa maji ya kunywa. Mwanamume katika nyumba hii ni mmoja tu, mdogo wangu Shomari, na choo chake nakifagia mimi kwa sababu yeye ufagio hajui unakaa wapi. Nikalitikisa. Likachezacheza. Harufu ilikuwa kidogo tu, lakini nikaijua. Astaghafirullah! Mkojo.

Shomari nilimuuliza, akainamia cherehani yake. "La Flavia hilo, dada. Atakueleza mwenyewe." Flavia ni mpangaji wetu wa chumba cha uani, toka Septemba. Mwanamke wa Lusu, Nzega huko, miaka thelathini na kitu, hana mume, hana mtoto, mpole kupita kiasi. Upole wa namna hiyo mimi siuamini.

Nimeanza kuandika leo, na tarehe naziweka makusudi. Siku nikisimama mbele ya mjumbe kumtoa mtu katika nyumba ya marehemu baba yangu, nisianze kusema "nadhani, nadhani."

Alhamisi, 14 Novemba

Nimemwita. Kaja anapangusa mikono kwenye kanga.

"Shikamoo Bi Mwanamkuu."

"Marahaba. Mkojo wa mdogo wangu unaupeleka wapi?"

Hata hakushtuka. "Shambani, mama. Nilijua kaka Shomari kakuambia."

Kaka Shomari. Nikalitia akilini hilo.

Kanieleza. Eti kile tunachonunua dukani kukuzia mahindi, mwili wa mtu unakitoa bure kila siku na sisi tunakifukia shimoni. Unakinga mkojo, unaufunga usitoe pumzi, halafu kipimo kimoja kwa vipimo vitano vya maji, unamwaga pembeni ya shina. Upo mradi wa akina mama wakulima, ofisi yao iko Isikizya, wamempa msimu mmoja aonyeshe. Mahindi yakikubali, atabaki Tabora kufundisha wenzake. Yakikataa, anarudi kwao. Na shamba atakaloonyeshea ni hili hili la nyuma ya nyumba yetu, Shomari kampa bila kunifungulia mdomo mimi.

"Na wako je, unakinga?"

"Wangu nakinga kwa ndoo chumbani, namimina kwenye dumu langu. Mradi unataka kila dumu lijulikane la nani, na kila mtu na mistari yake." Akatabasamu. "Na wewe ukipenda mama, nikuletee."

Thubutu! Mtu aliyezaliwa mji huu anajua: nywele, kucha, kipande cha shuka, mkojo. Mganga akishika kimojawapo, mwanamume mzima anafuata nyuma kama mbuzi wa sadaka. Babu wa babu yetu alifika Gongoni na mizigo ya misafara kichwani, na hata yeye, tuliambiwa, alikuwa akijisaidia haja zake mbali na wenzake. Hakuwa mjinga.

Ijumaa, 15 Novemba

Mvua. Sikusema na mtu.

Ijumaa, 22 Novemba

Nimekwenda kwa Nurjahan, mke wa Yusufali wa duka la vitambaa. Tumejuana toka tuna meno ya utoto. Nilimpelekea mchicha wake, nikamweleza yote, nikitegemea atashika kichwa. Akacheka!

"Samadi ya ng'ombe unaitia kwa mkono, Bi Mwanamkuu. Hiyo haikutii kinyaa?"

"Ng'ombe hana nyota ya kuibiwa."

"Sasa kitu gani unaogopa, najisi au uchawi?"

"Vyote viwili."

Akaninong'oneza, ingawa dukani tulikuwa peke yetu: "Au unaogopa harusi?"

Nikamwambia anipe kapu langu. Lakini ngoja niseme, kwa kuwa hapa hanisomi mtu. Baba kafa, mama kafa, mume wangu kafa, Mungu hakunipa mtoto. Shomari nilimbeba mgongoni nikiwa darasa la tatu. Mkewe alipoondoka miaka mitatu iliyopita, nilimlisha mimi kwa kijiko mpaka aliposimama. Sina mwingine. Akichukuliwa huyu, nabaki na kuta.

Jumapili, 1 Desemba

Wamepanda mahindi. Shamba wamelikata mapande matatu: la kushoto litakunywa dumu la Flavia, la kati dumu la Shomari, la kulia halipewi kitu, ili watu wa mradi waone tofauti. Mchanga wetu huu wanauonea. Kila mwaka mahindi yanafika magotini yanachoka.

Shomari kalima tangu asubuhi. Kavaa shati la Idi. Nani analima na shati la Idi?

Jumatano, 11 Desemba

Dumu la Shomari linajaa upesi ajabu. La Flavia halijafika nusu, la Shomari limeshabadilishwa. Flavia kamsifu uani, mbele yangu: "Kaka Shomari, wewe ni ghala!" Na jitu zima la miaka hamsini na moja likaona haya, likacheka. Tena anaimba siku hizi akishona. Miaka mitatu sikumsikia.

Furaha ya ghafla namna hii haitoki hewani. Kuna mtu anaipika.

Ijumaa, 20 Desemba

Mvua, mvua, mvua. Ukuta wa jiko umelowa.

Jumamosi, 28 Desemba

Sasa nina ushahidi.

Flavia alikwenda kwao Lusu sikukuu ya Krismasi, na mkononi kifurushi alichokifunga vizuri kwa nailoni. "Kina nini?" "Zawadi ya mama." Sawa. Leo ametoka kwenda sokoni, Shomari yuko barazani na wateja wake, nikaingia stoo wanakoweka madumu. Nikafungua la Flavia kwanza. Yarabi! Ukali wake ulinitoa machozi, nikarudi nyuma nikajigonga kwenye jembe. Nikafungua la Shomari. Hakuna kitu! Limelala tu, rangi ya maji ya kuoshea vyombo, harufu ya mbali.

Mkojo wa mwanamke unapiga hivyo, wa mwanamume mzima mla maharage unakuwa maji? Nikajua. Yule anakitoa kilicho halisi, anakipeleka kwa mganga wao huko Lusu, halafu anajazia maji ili dumu lionekane limejaa. Ndiyo maana linajaa upesi. "Wewe ni ghala." Ghala lenyewe linaibiwa!

Nimeyafunga yote mawili kama nilivyoyakuta. Sitasema bado. Paka hamrukii panya kabla hajatoa mkia.

Alhamisi, 9 Januari

Mvua imekata. Jua linachoma mpaka bati linalia. Pande la Flavia ni kijani cheusi, majani mapana, mtu angesema la mahali pengine. Pande la kulia lisilopewa kitu ni manjano, kama ilivyo desturi ya shamba letu. Na pande la kati, la Shomari, nalo manjano vile vile.

Flavia anakaa pale ukingoni, mkono shavuni, anatazama mahindi ya kati halafu anatazama nyumba. Leo nilipompita kaniamkia bila kuniangalia.

Jumanne, 14 Januari

Flavia kaniangalia wakati nateka maji pipani. Aliniangalia mpaka ndoo ikajaa.

Jumamosi, 18 Januari

Leo nitaandika yote.

Baada ya chakula cha mchana Flavia alikuja uani. Shomari yupo, anapunga upepo. Akapiga goti, kama wanavyofanya kwao mbele ya mkubwa, na maneno aliyoyatoa hayakufanana na goti lile.

"Bi Mwanamkuu, nakuheshimu kama mama yangu. Lakini kuna mtu anatia maji kwenye dumu la kaka Shomari."

"Mtu gani?"

"Nyumba hii tuko watatu, mama."

Nilisimama mpaka kigoda kikaanguka. "Mimi? Mimi ndiye? Wewe unayechota mkojo wa mtu ukaupeleka Lusu kwa mganga, ukajazia maji, leo unanigeuzia mimi kibao? Kifurushi kile cha Krismasi kilikuwa nini?"

"Kitenge!" Sauti yake ilipanda mara ya kwanza toka aingie nyumba hii. "Kitenge cha mama yangu, kaka Shomari ndiye alikishona! Muulize!"

Nikamgeukia Shomari. Akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Flavia akaanza kulia, si kilio cha kudai huruma, cha mtu aliyechoka. Akasema kazi yake yote iko katika yale mahindi, akirudi nyumbani sasa hana pa kushika, kaka zake wamekwisha kugawana mashamba. Akasema alinishuku toka Desemba, alikuta alama za vidole vya unga kwenye kifuniko.

Na ni kweli, siku ile ya stoo nilikuwa natoka kukanda maandazi.

"Nilifungua," nikasema. "Nilifungua nikanusa, nikafunga. Maji sikutia. Wallahi sikutia."

Hapo ndipo mdogo wangu aliponena. Taratibu, kama anasema na mgonjwa. "Dada, kama ulifanya, sema tu yaishe."

Mtoto niliyembeba mgongoni. Nimekuja chumbani, nimefunga mlango, na chakula cha jioni wapike wenyewe.

Jumapili, 19 Januari

Hawakupika. Shomari kalala na chai.

Alhamisi, 23 Januari

Nimecheka leo mpaka mbavu zikauma, halafu nikalia, na vyote nimevifanyia chooni kwa Nurjahan.

Nilikwenda kumweleza aibu iliyonipata. Kanipa chai, nikanywa vikombe, haja ndogo ikanibana. Kule kwao pana choo kizuri cha marumaru, na pembeni birika la plastiki limejaa maji. Nikamaliza, nikashika birika, nikajitawadha kama nilivyofunzwa na mama toka sijui kusema. Nikamwaga, nikamwaga tena, birika likaisha. Mkono ukanisimamia hewani.

Haja ndogo moja, birika zima.

Na mimi si kitu. Shomari ndiye! Shomari ana wasiwasi wa twahara, kwamba hajatakasika sawasawa, toka utotoni; mwalimu wa madrasa alimwogofya na adhabu ya kaburi, na mpaka leo akienda chooni anakwenda na ndoo. Maji yanamwagika huko ndani mpaka unadhani anafua. Maji yote hayo yanakwenda wapi sasa? Chini ya Shomari pana faneli. Chini ya faneli pana dumu! Halafu Flavia anachukua maji yale ya kutawadhia, anayaongezea vipimo vitano vya maji mengine, anayanywesha mahindi, na kusubiri muujiza.

Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyetia. Flavia wa watu ni Mkristo wa Lusu, kwao mtu akimaliza haja ndogo anasimama anakwenda zake. Atajuaje? Na mwanamume gani angemwambia mpangaji wa kike jinsi anavyojisafisha?

Nurjahan aligonga. "Bi Mwanamkuu, umeanguka humo?" Nikamfungulia nikiwa nacheka na machozi yananitoka. Miezi miwili nimemwita mwanamke wa watu mchawi, kumbe mchawi ni ndoo.

Ijumaa, 24 Januari

Nimemweleza Shomari aliporudi msikitini. Mwanzo hakuelewa. Alipoelewa alikaa kwenye mkeka kama aliyepigwa.

"Flavia hajui?"

"Ajue kwa nani? Nenda kamwambie. Kuanzia leo kojoa kwenye faneli, ukimaliza sogea pembeni kwenye jiwe ndipo utawadhe. Basi. Mahindi yatapona."

Akanishika mkono. "Dada, usinivue nguo mbele yake. Nitaanzaje? Nimwambie mwanamke ninayetaka kumposa kwamba shamba lake limeharibika kwa sababu ya..."

Kwa hiyo ni kweli, anataka kumposa. Nilikuwa nalijua, lakini kusikia ni kitu kingine. Kwanza moyo uliniuma. Halafu nikamtazama, mvi zile, na ile haya ya kijana, nikaona kwamba akimkosa huyu atarudi kitandani kama mwaka ule, na safari hii sitamwinua.

"Utamwambia mwenyewe?" nikamuuliza.

"Nitamwambia mwenyewe."

"Na mimi utanisafisha?"

"Nitakusafisha, dada."

Jumapili, 26 Januari

Anajitawadhia kwenye jiwe. Nasikia maji. Lakini hajasema.

Jumatano, 29 Januari

Hajasema. Flavia kahamisha chungu chake cha maji ya kunywa, kakiweka chumbani.

Ijumaa, 31 Januari

Manyunyu kidogo. Hajasema. Nimemkanyaga mguu wakati wa chai, akasema "samahani" kana kwamba yeye ndiye aliyenikanyaga mimi.

Jumapili, 2 Februari

Leo asubuhi nimemkuta Flavia anafunga virago. Godoro limekunjwa, sufuria zimetiwa kwenye gunia. Kesho anapita Isikizya kuwaambia kwamba mkojo wa mtu mmoja ulikubali na wa mwingine ulikataa, kwa hiyo kazi haiaminiki, waje wachukue madumu yao. Alisema hivyo bila kulia. Na mahindi yale ya kushoto, marefu kama ukuta, ameyaacha nyuma yake.

Nikatazama barazani. Shomari anashona. Anatusikia, mlango uko wazi, na cherehani inakwenda. Nikamsubiri. Nikakohoa, nikasubiri tena. Nikasema kwa sauti, "Flavia, usiondoke, mahindi ya kati hayakuharibika yenyewe." Nikampa nafasi ya kuingia, mlango mzima, aje na kanzu yake.

Hakuja.

Basi nikasema. "Ni mimi. Nilikuwa natia maji."

Flavia alikaa juu ya gunia. "Kwa nini, mama? Nimekukosea nini?"

"Wivu. Nilijua Shomari anakutaka. Sikutaka unichukulie."

Wivu ule ni wa kweli, na ndiyo maana ulimi haukujikwaa. Cherehani ikanyamaza. Nikajua sasa anakuja. Hata mdogo wangu hawezi kulimeza hili. Nilihesabu pumzi zangu mwenyewe nikingoja kusikia viatu vyake.

Cherehani ikaanza tena.

"Nilisema wallahi," nikamwambia Flavia. "Mungu atanihukumu kwa hilo. Wewe fungua gunia. Siku hizi za karibuni dumu halijatiwa maji, kanuse mwenyewe." Akaenda stoo, akafungua, na nilisikia anavyokohoa kwa ukali wake. Akarudi akasimama mlangoni. Akasema, "Ahsante kwa kusema ukweli."

Nimekataa chakula alichonitengea Shomari. Kaniletea mpaka kitandani, nyama yenyewe kaichagua ya mnofu. "Dada," akasema. Nikageukia ukutani.

Jumatano, 12 Februari

Mvua imerudi, nzito, ya radi. Mahindi ya kati yameshika rangi.

Alhamisi, 27 Februari

Wageni wa Isikizya wamekuja, wanawake na mabuti yao, wamepita katikati ya mistari wakipiga picha. Pande la kushoto na la kati sasa ni ndugu. Lile la kulia limebaki na unyonge wake. Flavia aliwaeleza vizuri mno. Anasimama sawasawa, hababaiki, akiulizwa asilolijua anasema sijui. Nilimsikiliza kutoka jikoni nikaona aibu kwa nilivyomwandika humu. Ni mwanamke wa kazi, na anampenda yule mjinga; anamkata kucha barazani mchana kweupe.

Mmoja wa wageni aliuliza kwa nini mahindi ya kati yalichelewa. Flavia akasita, akaangalia jikoni. "Palitokea tatizo la nyumbani," akasema. "Limekwisha." Kanisitiri. Nilimwaga chozi kwenye vitunguu.

Atabaki Tabora.

Jumapili, 16 Machi

Funga. Nimepika futari ya mihogo. Flavia si Mwislamu lakini hakula mbele yetu mchana, ana adabu. Jioni nilimpakulia bakuli. Kashukuru. Baadaye nikalikuta bakuli nyuma ya stoo, kuku wanadonoa.

Jumamosi, 12 Aprili

Wameoana. Mshenga nilikuwa mimi, nilikwenda Lusu kwa basi nikaposa, nikakaa na mama yake na kitenge kile nikakiona kwa macho yangu, kimeshonwa vizuri. Nurjahan katoa kitambaa cha shela. Nimepiga vigelegele mpaka sauti imekauka. Mtu asije akasema sikupiga.

Bibi harusi sasa ananiita wifi. Ananiamkia kwa goti, ananifulia hata kanga zangu. Chakula changu hakili.

Jumapili, 18 Mei

Mahindi yamekauka, tunavuna wiki ijayo. Mungu ni mkubwa, mchanga huu haujawahi kuzaa hivi.

Shomari kaja leo na kofuli jipya, bawaba yake na misumari, kutia kwenye mlango wa stoo. Funguo mbili, moja ya mkewe na moja yake. Flavia ana mimba changa, na msimu ujao kuna madumu ya akina mama wengine yataletwa humo, hataki kulala na hofu. Hakunificha. Alinieleza mwenyewe, kwa upole, na mkono tumboni. Nikamwambia ana haki.

Bawaba haikukaa sawa, Shomari akahitaji mtu wa kumshikia mlango. Nikaenda nikamshikia. Tulikuwa wawili tu, Flavia yuko shambani, na Shomari alikuwa na nafasi ya kusema chochote.

"Ni ili moyo wake utulie, dada," akasema, na msumari mdomoni.

"Najua."

Akapiga nyundo, akakosa, akajigonga kidole. Nikampokonya. Nikaipigilia mimi misumari yote, kwa mkono wangu, mpaka vichwa vikazama kwenye mbao, halafu nikavuta kofuli kuona kama limeshika. Limeshika.